Mama, Angalia na Akili ya Mtu Wako Aliye Gerezani

Wamama, wengi kati yenu, kisha kupimisha watoto hapa, munapita na sahani ya bugali na sombe kwenda gerezani. Katika inchi yetu mfungwa asiyeletewa chakula na jamaa yake anateseka sana, na ninyi munajua jambo hilo kuliko sisi. Lakini leo tunataka muangalie pia akili ya yule munayempelekea.

Munganga wa gereza, hata akiwa na moyo mzuri, anachunga watu wengi mno. Hawezi kujua namna kijana wako alivyokuwa mbele ya kufungwa. Wewe unajua. Kulia siku za kwanza si ugonjwa. Mawazo iko kwa kila mfungwa. Lakini kama majuma mawili yamepita na bado halali, hataki kula, haogi, hajibu salamu, ao anazungumza na mtu ambaye hayuko, hapo kuna ugonjwa. Mwambie munganga.

Kama amebadilika kwa siku moja ao mbili tu, na mwili una moto, usingoje hata kidogo. Malaria inaweza kupanda kichwani, na meninjiti vilevile, na mtu anasema maneno yasiyo na njia. Wenzake watasema amerogwa, ao anafanya mchezo juu ya kutoka. Simama kwenye mlango wa gereza, omba, omba tena, mpaka munganga amuone siku ile ile.

Mama mmoja alituambia: «Niliona haya kusema mutoto yangu iko na kifafa, watamucheka.» Dawa ikabaki nyumbani ndani ya sanduku. Mama, usifanye hivyo. Mwenye kifafa akiacha Gardenali kwa gafula, anaweza kuanguka tena na tena bila kuamka katikati, na kufa. Siku ya kwanza ya kumtembelea peleka dawa pamoja na fishi yake ya hospitali. Vitie mkononi mwa munganga mwenyewe. Usimwachie kapita wala mwenzake wa chumba, kwa maana dawa za kulaza mtu zinaweza kuuzwa mle ndani kama sigara.

Dawa za wazimu zina matata yao: shingo inakazana, mikono inatetemeka. Mgonjwa anasema ni sumu, anazitupa. Si sumu. Munganga anaweza kupunguza kipimo ao kuongeza dawa ingine.

Kuna ulizo moja ambalo wamama wanaliogopa: «Unawaza kujiua?» Uliza. Ulizo hilo halimtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi linamfungua kinywa. Akikubali, usirudi nyumbani mbele ya kumwambia munganga ao mkubwa wa gereza. Omba mtu alale karibu naye, na asitiwe peke yake katika kasho.

Mgonjwa wa akili anayepiga kelele usiku anapigwa, anafungwa kamba, anaachwa kwenye giza. Hapo ugonjwa unazidi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni zinazoitwa za Nelson Mandela, yule aliyefungwa miaka 27 kule Afrika ya Kusini. Zinasema mfungwa apate matunzo sawa na watu wa inje. Zinakataza minyororo, na fimbo, na chumba cha giza. Na mwenye ugonjwa mkubwa wa akili, ambaye gereza linamzidishia, asikae gerezani, apelekwe mahali pa kutunzwa. Tunajua, gereza zetu ziko mbali na maneno hayo. Lakini tribinali inaweza kuomba munganga wa akili ampime mtu. Mwambie avoka, ao padri ao pasta anayetembelea wafungwa, akusaidie kuandika barua. Mumuonyeshe na fishi za zamani: ni ushuhuda kwamba ugonjwa ulikuwako mbele ya kosa. Bukavu kuko hospitali ya SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu, zote mbili za Mafureri wa Charité.

Na siku anapofunguliwa, wengi wanatoka bila dawa mkononi. Mbele hamujapanda barabara ya kurudi nyumbani, ulizeni munganga wa gereza: anakunywa nini, mara ngapi, na imebaki ya siku ngapi. Kisha muje naye hapa, hata kama siku hiyo ni ya kupima watoto.