Wanataka kahawa yangu ikiwa mtini

SWALI: Ni mwalimu, Kamachumu, Muleba. Nilikopa kwa mtu wa Bukoba mjini, akabaki na kadi yangu ya benki. Nimechelewa miezi miwili. Vijana wake wanakuja shuleni na bodaboda, wamewatumia ndugu zangu ujumbe kwamba mimi ni tapeli, na wanataka niwaandikie kahawa yangu. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mwalimu. Deni ni lako, ila kadi pia ni yako. Nenda benki leo ifungwe, upewe nyingine, na namba ya siri asiijue mtu. Kahawa usiiandike kabisa. Hiyo ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini; imepigwa marufuku, na bei ya kahawa iliyo mtini huwa ya kunyonyana tu.

Kisha mdai akuonyeshe mkataba na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na riba ya wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kaa na kikokotoo. Wakopeshaji wa kausha damu wengi hutoza mara kadhaa ya hapo.

Zile meseji usizifute. Kumtangaza mdaiwa kwa ndugu zake kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume yake. Wakitishia kubeba makochi, waulize amri ya mahakama iko wapi.

Mwandikie mdai kiasi unachokiweza kila mshahara ukitoka, ubaki na nakala. Lipa kwa benki au simu. Kijana wa bodaboda usimpe hata mia.