Mkondo, Volti na Akiba: Istilahi za Kuchaji Betri

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili nchini Kenya husema kwamba betri "imeisha moto", na ikishachajiwa husema kwamba sasa "ina moto". Usemi huu hauna kosa la kisarufi na unaeleweka na wote. Hata hivyo, neno moto hapa limebebeshwa dhana tatu ambazo haziwezi kuchanganywa bila hasara. Makala haya yanadhamiria kuzitenganisha dhana hizo kwa kuchunguza kazi moja mahususi, nayo ni kufuatilia mkondo wa umeme wakati betri ya risasi na asidi inapochajiwa. Betri za aina hii hutumiwa katika nyumba zenye umeme wa jua na pia katika magari ya kuishi ya Marekani na Ulaya.

Dhana Tatu

Dhana ya kwanza ni volti, ambazo hupima msukumo wa umeme. Ya pili ni mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya kwa wakati fulani. Mkondo hupimwa kwa ampea, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa André-Marie Ampère (1775–1836). Ya tatu ni akiba, yaani jumla ya umeme uliohifadhiwa, nayo hupimwa kwa ampea-saa. Kwa kawaida, betri ya ampea-saa 100 hukadiriwa kutoa ampea 5 kwa muda wa saa 20.

Neno mkondo limetoka majini, na sitiari hiyo ni faafu. Pipa lililounganishwa na tangi kwa bomba la chini hupokea maji kwa kasi mwanzoni. Kadiri kina cha maji katika pipa kinavyokaribia kile cha tangi, ndivyo maji yanavyopungua kasi. Anayetaka kujua kama pipa limejaa hana budi kutazama maji yanayopita bombani. Betri nayo huwa na tabia iyo hiyo.

Mwenendo wa Mkondo

Katika hatua ya kwanza, chaja hutoa mkondo mkubwa ulio thabiti huku volti za betri zikipanda polepole. Kwa betri ya kutiwa maji, kiwango salama ni takriban asilimia 10 ya ukubwa wake. Hivyo betri ya ampea-saa 100 hupewa kama ampea 10. Katika hatua ya pili, volti zikifika takriban 14.4, chaja huzizuia hapo na mkondo huanza kushuka wenyewe. Hatua ya tatu ni ya kuidumisha betri iliyojaa, kwa volti takriban 13.5.

Kosa kubwa hutokea mwanzoni mwa hatua ya pili. Mtumiaji akiona volti 14.4 hudhani betri imejaa, kumbe huenda imefika asilimia 80 tu. Volti hazitabadilika kwa saa kadhaa. Kinachobadilika ni mkondo: ampea 10, kisha 6, kisha 3. Ukishuka hadi ampea 1 au 2 na kutulia hapo, ndipo betri imejaa. Haba na haba hujaza kibaba, na sehemu hii ya mwisho haiharakishwi.

Betri inayoondolewa mapema kila mara hujenga fuwele ngumu za salfati ya risasi kwenye bamba zake, na akiba yake hupungua daima. Kwa upande mwingine, mkondo unaokataa kushuka huku betri ikipata joto ni dalili ya hatari. Maji ya betri hutengana kuwa haidrojeni na oksijeni, na cheche moja yaweza kuleta mlipuko. Kwa hivyo, betri huchajiwa mahali penye hewa ya kutosha.

Aidha, mita ya ampea huwekwa kwenye njia ya mkondo wenyewe. Kamwe haiunganishwi moja kwa moja kati ya ncha mbili za betri. Hali kadhalika, ipimwe kwenye waya wa betri, kwani taa na televisheni zikiwa zinatumika hunyakua sehemu ya mkondo utokao kwenye chaja kabla haujaifikia betri.

Ifahamike kwamba betri za lithiamu, ambazo zimeenea miaka ya karibuni, zina viwango vyake. Takwimu zilizotajwa hapa hazizihusu.

Hitimisho

Katika miaka ya 1990, familia nyingi za mashambani nchini Kenya zilizokuwa na televisheni zilibeba betri za magari hadi vituo vya biashara vyenye stima ili zichajiwe. Mwenye betri alilipa na kuambiwa kwamba moto umejaa, naye hakuwa na neno la kuhoji.

Katika shule za sekondari za Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na hivyo kijana aliyeisoma hurudi nyumbani asiweze kumweleza mzazi wake alichojifunza. Ilhali maneno mkondo, volti na akiba yamo tayari katika Kiswahili. Yanachohitaji ni kutoka darasani na kufika kwa fundi na mteja wake. Mwenye betri anayeweza kuuliza, "Mkondo umeshuka hadi ampea ngapi?" ataisoma mita mwenyewe, na atajua anacholipia.