Usiivalishe MX-5 Buti za Lori

Mazda MX-5 ilipoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ilikuwa na viti viwili, paa la turubai la kukunja na uzito wa chini ya tani moja. Toleo la ND, lililoingia sokoni mwaka 2015, bado linachezea kwenye tani moja na ushei. Wenyewe kiwandani walihangaika kupunguza gramu hapa na pale. Halafu mtu anaagiza yake kutoka Japani, inashuka bandarini Mombasa au Dar, na wiki hiyohiyo iko gereji inafungwa rimu za inchi 18 na springi ngumu kama nondo, kwa sababu ndivyo Subaru ya jirani ilivyofungwa. Subaru ya jirani ina tani moja na nusu! Vidokezo hivi ni vya yule ambaye bado hajatoa hela.

1. Badilisha kwanza kilichokufa

Gari lenye miaka saba au minane huja na uchovu wake. Kabla hujalilaumu kwamba linayumba, bonyeza kona moja ya bodi kwa nguvu kisha achia. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kunesanesa, shokapu imekwisha. Chungulia kama kuna mafuta yanayovuja kwenye shokapu, na kama bushi zimepasuka. Seti mpya ya bushi na shokapu za kawaida hurudisha raha nyingi kuliko vikorombwezo vya bei mbaya.

2. Tairi ndiyo uamuzi mkubwa, springi zifuate

Mwaka 2012 Toyota ilileta GT86, gari la michezo la viti vinne, ikiwa na tairi za Michelin Primacy za jamii ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Watu walicheka: gari la michezo na tairi za kubana mafuta! Lakini wahandisi walijua walichokuwa wakitafuta. Tairi ambayo haijang'ang'ania lami kupita kiasi inamwonjesha dereva mpaka wa gari lake akiwa kwenye mwendo wa kibinadamu. MX-5 ya lita 1.5 ukiifunga tairi za mashindano, itabidi ukate kona kwa mwendo wa kukupeleka mahakamani ndipo usikie chochote.

Kwa hiyo tafuta tairi nzuri ya barabarani, inayosifika kwa kushika kwenye maji. Hiyo ya mashindano muachie mwenye mashindano.

3. Upana si sifa

ND yenye injini ya lita 1.5 hutoka kiwandani na tairi 195/50R16. Ya lita 2.0 huja na 205/45R17. Basi. Ukipanua hadi 225, unaongeza uzito kwenye gurudumu, usukani unakuwa mzito, na masika yakianza tairi pana chini ya gari jepesi huelea juu ya maji mapema zaidi.

Kwa barabara zetu, mimi ningerudi chini badala ya kupanda juu. Mwenye rimu za 17 anaweza kufunga 16 na tairi 205/50R16. Piga hesabu: ubavu wa 205/45 ni milimita 92 hivi, wa 205/50 ni 102 na nusu. Umepata sentimita moja ya mpira kati ya rimu na shimo, na kimo cha gurudumu zima kimepungua kwa milimita tano tu, kwa hiyo spidimita haidanganyi sana. Ijaribishe rimu kwanza uone kama haigusi breki.

Mwenye toleo la kwanza ana bahati zaidi: 185/60R14 ya kiwandani na 195/50R15 zinakaribia kulingana kimo kabisa.

4. Soma namba ndogo pia

Baada ya ukubwa huandikwa kitu kama 84W. Hiyo 84 ina maana tairi moja inabeba kilo 500. Zidisha kwa nne: tani mbili, kwa gari la tani moja. Ya nini basi kununua tairi iliyoimarishwa, yenye alama ya XL, kama ukubwa huohuo upo wa kawaida? Ubavu wake ni mgumu zaidi na gari halina uzito wa kuulainisha. Zile zinazotembea hata zikiisha upepo ndizo mbaya zaidi kwa hili.

Angalia na umri. Tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia "mpya kabisa hii, boss", inama usome mwenyewe.

5. Mwambie mjaza upepo aache mazoea

Ukisimama kimya, atakujazia psi 35 au 40 kama anavyojazia kila mtu. ND inataka 29 tu, toleo la kwanza 26, tairi zikiwa baridi. Kibandiko kipo kwenye fremu ya mlango. Upepo ukizidi, gari jepesi hurukaruka na kupoteza mshiko, na lawama zote zinaenda kwa shokapu.

6. Ushushe, lakini usilalie raba

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Kwenye kila shokapu kuna kipande cha raba kinachozuia isigonge mwisho. Ukishusha gari sana, raba hiyo inakuwa karibu mno, na kila kona yenye bonde gari linakaa juu yake. Ghafla springi haifanyi kazi tena, gurudumu linaruka, na tairi ya nyuma inaachia bila taarifa. Wengi huita hali hiyo "ugumu wa kimichezo".

Na matuta je? Kwa mtu anayeishi Nairobi au Dar, sentimita mbili za kushusha zinatosha kabisa, na hata hizo zinahitaji ujasiri.

Ukichagua springi fupi, chagua shokapu zinazoendana nazo. Bilstein, kwa mfano, hutengeneza B6 kwa springi za kimo cha kiwandani na B8, ambazo ni fupi, kwa springi zilizoshushwa. Koilova za bei rahisi zenye ngazi thelathini za kurekebisha usizikimbilie. Ngazi nyingi hazimaanishi mafuta yaliyomo ndani yanafanya kazi.

7. Kaza boliti gari likiwa chini

Hiki mafundi wengi hukiruka. Bushi za raba hujipinda pamoja na mkono wa sasipensheni. Ukizikaza gari likining'inia kwenye jeki, likishuka zinabaki zimesokotwa, na zinapasuka mapema. Zishikize kidogo, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze.

Kisha alaimenti, magurudumu yote manne. MX-5 inarekebishika mbele na nyuma, kwa hiyo fundi anayekwambia nyuma hakuna cha kugusa, mshukuru na uondoke.

8. Buti halina spea

ND haiji na tairi ya akiba. Kuna pampu ndogo na chupa ya gundi. Kabla hujazipandisha kona za Mombo kwenda Lushoto, isome ile chupa: gundi nayo ina tarehe ya mwisho, na gari la kutoka Japani huenda limekuja na ya siku lilipozaliwa.