Bustani ya Mtungi Mmoja: Kuchagua Mimea na Kuipa Nafasi Nyumbani, Lodwar na Kakuma

Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na jua lake lina nguvu ya kukausha zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Kakuma haina nafuu kubwa. Mto Tarach hushuka kwa kishindo mvua inaponyesha milimani, kisha hurudi kuwa mchanga mtupu. Ndiyo maana mafunzo ya bustani yaliyoandikwa kwa ajili ya Kitale au Kiambu huwaangusha watu wa huku: huanza kwa kupima ardhi, kana kwamba maji ni jambo la baadaye. Katika kaunti hii ya Turkana ardhi ipo. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba nyumba ianze kwa kupima maji inayoweza kuyapata kila siku, ichague mimea michache inayolipa maji hayo kwa virutubisho vingi zaidi, na idadi ya miche na nafasi kati yake zifuate kipimo hicho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika joto na upepo wa huku, mita moja ya mraba iliyofunikwa na majani hupoteza karibu lita 6 hadi 8 kwa siku. Kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kitalu cha upana wa mita moja na urefu wa mita mbili na nusu, au zaidi kidogo ukitandaza nyasi kavu juu ya udongo. Mtungi huo utoke wapi? Kipimo ambacho UNHCR, shirika la wakimbizi, hukilenga katika kambi kama ya Kakuma ni lita 20 za maji kwa kila mtu kwa siku, na ziko siku nyingi ambazo bomba halifiki hapo. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa mikono hayaguswi kwa ajili ya bustani, hata kama mboga zinanyauka. Lakini maji yaliyosuuza nafaka, yaliyooshea mboga na yale ya suuzo la mwisho la vyombo, nyumba ya watu sita inaweza kuyakusanya hadi yakakaribia mtungi. Maji ya kuoga yenye sabuni yamwagwe kwenye shina la mpapai au mlonge, ukibadilisha sehemu kila mara, wala si juu ya majani ya kuliwa.

Sasa ni lazima tukubali jambo moja. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kila siku. Kitalu cha mita mbili na nusu hakiwezi kuifikisha nyumba nzima hapo. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa mimea unageuka kuwa suala la afya kabla ya kuwa suala la ladha. Mmea unaopata sehemu ya mtungi uwe ule ambao vijiko vichache vya mboga yake vinamfaa mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito na mama anayenyonyesha, kwa kuwa hao ndio wanaoumia kwanza madini ya chuma na vitamini A vinapopungua.

Mchicha, kunde za kuchuma majani, mrenda na mlonge vinapita mtihani huo. Kabichi haipiti. Kichwa kimoja cha kabichi hukalia robo ya mita ya mraba kwa miezi mitatu hivi, na katika muda huo kinaweza kumaliza mitungi mitano hadi saba ya maji. Kisha hukatwa mara moja tu, na majani yake meupe yana vitamini A kidogo mno. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na ukikatwa juu ya vifundo vya chini huchipua tena. Nyanya nazo zina kikwazo kingine. Maua yake hupukutika usiku unapokuwa wa moto, na Lodwar usiku mara nyingi haushuki sana chini ya nyuzi 24. Mkulima huona mmea mkubwa, wa kijani, usio na tunda, akadhani mbegu ni mbovu. Maharage huangusha maua kwa joto vilevile, na pia huumizwa haraka na maji ya chumvi, ambayo yapo katika visima kadhaa vya kaunti hii. Kunde huvumilia yote mawili vizuri zaidi, na hakuna sababu ya kuyapigania maharage pale ambapo kunde zinaota kwa hiari. Sukuma wiki inawezekana ikipata kivuli cha alasiri, lakini iwe miche miwili au mitatu, kwa wanaoipenda.

Tukija kwenye nafasi, watu wengi wa huku hupanda wakiwa na hofu: hutawanya mbegu nyingi wakitumaini kwamba chache zitapona. Zikiota zote, hakuna anayekuwa na moyo wa kuzing'oa. Miche hugombea maji yaleyale, hurefuka bila unene, na vidukari huhama kutoka kunde moja hadi nyingine bila kizuizi. Kipimo kizuri ni mkono wako mwenyewe. Kunde za majani zipate shibiri moja kati ya shina na shina, na shibiri moja na nusu kati ya mstari na mstari. Mchicha unaokatwa mara kwa mara unatosheka na nusu shibiri hadi shibiri moja, na miche unayoipunguza iliwe siku hiyohiyo, maana hayo ndiyo mavuno yako ya kwanza. Bamia na sukuma wiki zinataka dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mlonge na mpapai visipandwe ndani ya kitalu kabisa, kwa sababu mizizi yake hunyang'anya. Panda mlonge upande wa magharibi, hatua mbili au tatu kutoka ukingoni, ili kivuli chake kifike kitaluni alasiri, na uukate kila unapozidi kimo cha kifua ili majani yabaki karibu na mkono. Usichimbe kitalu jirani na mti wa mathenge, ambao mizizi yake hufuata maji mbali. Kitalu chenyewe kizame chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja hivi, kiwekwe samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na kizungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi mmoja humaliza kazi ya mwezi kwa dakika chache.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba kuacha nafasi ni kuacha udongo wazi, na udongo wazi hukauka upesi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu mchicha haupewi nafasi ya bamia. Lakini udongo unaweza kufunikwa na nyasi kavu au makapi ya mtama, ambayo hayanywi maji, ilhali mche wa ziada hunywa kila siku. Wengine watasema Waturkana ni wafugaji na mboga ni chakula cha watu wa bara. Historia haikubaliani nao: mtama umelimwa kando ya mito ya Turkwel na Kerio kwa vizazi vingi, na matunda ya edome, esekon na eengol yamewavusha watoto wengi katika kiangazi. Miti hiyo isikatwe unaposafisha boma. Maziwa ni chanzo bora cha vitamini A, lakini katika ukame wa kuanzia 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa kufuatana, mifugo ikafa na maziwa yakakauka. Kitalu kinaziba pengo hilo kwa kiasi chake.

Kuna pia wanaouliza kwa nini kuhangaika, ikiwa mtoto hupewa matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita. Matone hayo ni ya lazima na yasikoswe. Hata hivyo hayana madini ya chuma wala asidi ya foliki, na hayamfikii mama mjamzito. Kwa wanaopokea mgao wa chakula kambini, mgao wa nafaka, jamii ya kunde na mafuta huleta nguvu mwilini, lakini hauna mboga mbichi. Mafuta kidogo ya mgao huo yakitiwa kwenye mchicha husaidia mwili kuipokea vitamini A. Magadi yasitiwe katika kunde wala mrenda, kwani huharibu vitamini, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula kwa sababu huzuia madini ya chuma.

Bustani isizae malaria. Maji yakisimama kitaluni zaidi ya siku moja, kina kimezidi au umemwagilia kupita kiasi. Mitungi na mapipa ya kukusanyia maji yafunikwe daima, kwa kuwa aina ya mbu iitwayo Anopheles stephensi, iliyogunduliwa kaskazini mwa Kenya katika miaka ya karibuni, huzaana hata katika vyombo vya maji vya nyumbani. Mwagilia jioni, taratibu, hadi maji yazame. Kunyunyizia juujuu huacha chumvi juu ya udongo, na ukiona ukoko mweupe, acha maji ya suuzo la vyombo na utumie maji masafi zaidi kwa muda.

Mboga hizi hulinda, hazitibu. Mtoto anayekonda, aliyevimba miguu, asiyeona vizuri magharibi inapoingia, au mwenye viganja vilivyopauka, apelekwe leo hii katika kituo cha afya kilicho karibu. Msisubiri kunde zikomae.