Anwani ya Kichapishi: Somo Fupi kuhusu Mtandao wa Ndani

Mwanafunzi wa fasihi akisikia neno anwani, aghalabu hufikiria kichwa cha shairi au cha riwaya. Karani wa posta hufikiria nambari ya sanduku. Maana zote mbili zimo katika neno la Kiarabu tulilolikopa, na hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuitambua na kuiweka anwani ya kifaa katika mtandao wa ndani, yaani ule unaounganisha vifaa vya ofisi, maabara au nyumba moja.

Kilichotusukuma kuandika ni kichapishi. Jioni moja, katika ofisi fulani ya wanafunzi, tulikuwa na kurasa za jarida za kuchapisha kabla ya asubuhi. Umeme ukakatika, ukarudi. Kichapishi kiliwaka vizuri lakini tarakilishi zote zikadai hakipo. Waya zilichomolewa na kuchomekwa, wino ukalaumiwa, hata karatasi hazikusazwa. Kumbe kichapishi kilikuwa kimehama! Kilipowaka upya kilipewa anwani nyingine, nazo tarakilishi zikawa zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani.

Katika toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo bado limeenea, anwani ni nambari nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255, mathalan 192.168.1.37. Mnamo 1994 zilitengwa safu tatu kwa matumizi ya ndani tu: zinazoanza kwa 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza kwa 192.168. Ndiposa ofisi ya Eldoret na ya Mombasa zaweza kuwa na vichapishi vyenye anwani ile ile bila kugongana, kwani kila mtaa una nyumba yake nambari 37. Sehemu ipi ni mtaa na ipi ni nyumba huamuliwa na nambari nyingine, nayo ni barakoa ya mtandao. Barakoa ikiwa 255.255.255.0, nambari tatu za kwanza ni mtaa, ya mwisho ni nyumba, na mtaa huo hutosha vifaa 254.

Mgawaji wa anwani kwa kawaida ni ruta. Hapa kitenzi chetu kupanga kinafaa mno, kwa kuwa kina maana ya kuweka kwa utaratibu na pia ya kukodi nyumba. Kifaa kinapowaka huomba chumba kama mpangaji, nayo ruta hukipa kwa muda maalum. Muda ukiisha bila mkataba kufanywa upya, chumba hicho chaweza kupewa mwingine. Kwa mintarafu hiyo tungependekeza istilahi anwani ya kupanga badala ya anwani geugeu. Kifaa hakina ugeugeu wowote. Mkataba ndio uliokwisha.

Ili kuitambua anwani ya tarakilishi inayotumia Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Katika Linux andika ip addr. Kichapishi huonyesha anwani yake katika menyu ya mtandao, au huichapisha kwenye ukurasa wa mipangilio. Kisichokuwa na kioo kitafute katika orodha ya vifaa iliyomo kwenye ruta. Anwani ya ruta yenyewe ni ile inayotajwa kama lango. Ukikuta anwani inayoanza kwa 169.254, yamkini kifaa kiliomba chumba kikakosa jibu, kikajipa anwani chenyewe. Kagua waya kwanza.

Kuiweka ya kudumu kuna njia mbili. Waweza kuiandika kwenye kifaa chenyewe pamoja na barakoa na lango. Hatari ni kuchagua nambari ambayo ruta huigawa, kwani siku moja wapangaji wawili watakutana chumba kimoja na wote watasumbuka. Ruta ikigawa 100 hadi 200, chagua 20, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kifaa kingine kilichojiandikia nambari hiyo. Njia ya pili ni kuiagiza ruta ikiwekee kichapishi chumba kile kile daima, kwa kukitambua kwa anwani ya maunzi. Hii ni tarakimu na herufi 12 ambazo kiwanda hukipa kifaa, herufi zikiwa kati ya A na F. Sisi twaipendelea njia hii, maana kumbukumbu zote hukaa mahali pamoja na viongozi wapya wa chama hawatalazimika kupekua kifaa kimoja kimoja. Hata hivyo, ruta ikibadilishwa, kazi hiyo huanza upya.

Hatua inayosahaulika mno ni kuziarifu tarakilishi. Ingia katika sifa za kichapishi kwenye kila mojawapo, uifute anwani ya zamani na uandike mpya. Sisi tuliifanya kwenye tatu, tukaisahau ya nne, na ndiyo iliyokuwa na tahariri.