Maneno Madogo, Madhara Makubwa: Heshima Kazini Katika Wadi za Watoto

Ni asubuhi katika wadi ya watoto. Wahudumu wanapita kitanda hadi kitanda. Muuguzi mmoja, ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, anasoma uzani wa mtoto kutoka kwenye faili. Mwenzake anaiga matamshi yake na wote wanacheka. Muuguzi naye anacheka. Saa sita mchana anaona dozi iliyoandikiwa mtoto huyo na kuhisi kwamba ni kubwa mno kwa uzani ule. Anataka kuuliza. Anakumbuka kicheko cha asubuhi, anasita.

Huu ni mfano tu, si kisa cha hospitali fulani. Lakini kusita huko ndicho kiini cha somo hili. Mtoto mchanga hawezi kujitetea. Usalama wake hutegemea watu wazima walio karibu naye kusema wanachokiona.

Dharau ndogondogo ni nini?

Mnamo 1970, Chester Pierce, daktari Mmarekani wa magonjwa ya akili aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliipa jina dharau ndogondogo waliyokumbana nayo Wamarekani weusi kila siku. Baadaye wataalamu waliipanua dhana hiyo ihusu pia jinsia, dini, ulemavu na mengineyo. Dharau hii si tusi la wazi. Mara nyingi anayeitenda hana nia mbaya, na akiulizwa atasema alikuwa akitania. Anayetendewa ndiye anayebaki akijiuliza kama ni yeye aliyekosea kuelewa. Tone moja halijazi ndoo, lakini matone ya kila zamu huijaza.

Jinsi ya kuitambua

• Jinsia: Daktari wa kike anajitambulisha, lakini mzazi anaendelea kumwita "sista" na kuuliza daktari atakuja saa ngapi. Muuguzi wa kiume anaulizwa kama alikosa kazi ya wanaume.

• Umri: "Huyu mtoto ndiye atakayemtibu mtoto wangu?"

• Kabila na lugha: Kuiga lafudhi ya mtu. Kupokezana zamu kwa lugha ya mama mbele ya mwenzenu asiyeielewa. Kumwambia mhudumu aliyetoka kaunti nyingine kwamba amekuja kula kazi za wenyeji.

• Dini na mavazi: Kumuuliza muuguzi aliyevaa hijabu kama kweli ataweza kazi "akiwa amejifunga hivyo".

• Ulemavu: Kumpita mhudumu mwenye ulemavu na kumuuliza mwenzake swali linalomhusu yeye.

• Cheo: Mfanyakazi wa usafi anasema mtoto wa kitanda cha nne hajaamka tangu asubuhi. Anajibiwa, "Wewe fagia."

Kwa nini wadi ya watoto?

Dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo. Nukta ya desimali ikikosewa nafasi moja, mtoto anaweza kupewa dawa mara kumi ya inayofaa. Kosa kama hilo hunaswa na jicho la pili, yaani mtu anayethubutu kusema, "Hebu tuangalie tena."

Utafiti uliofanywa Israel na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la Pediatrics ulichunguza timu 24 za wahudumu wa watoto wachanga mahututi. Katika zoezi la kuigiza, walimhudumia mtoto njiti ambaye hali yake ilizorota ghafla. Baadhi ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtaalamu mgeni. Timu hizo zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kutoa matibabu. Wahudumu walipeana habari kidogo na kuombana msaada kidogo.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2017, ulitumia timu 39. Safari hii aliyetoa maneno makali aliigiza mama wa mtoto. Utendaji wa timu ulishuka vilevile. Kwa hiyo somo hili linamhusu mzazi aliyeketi kwenye foleni sawa na daktari aliye wadini.

Ufanye nini?

Ukiwa umetendewa: Kwanza hakikisha mtoto yuko salama. Hudumia, kisha zungumza. Tumia maneno mafupi yasiyo na hasira: "Mimi ndiye daktari wa mtoto wako leo." Au, "Unapoiga ninavyozungumza, naona ugumu wa kuzungumza kazini. Tafadhali acha." Si lazima ujibu kila neno. Likirudiwa, andika tarehe, mahali, kilichosemwa na waliokuwapo.

Ukiwa shahidi: Usimwache mwenzako peke yake. Mara nyingi sentensi moja inatosha: "Mama, huyu ndiye daktari wetu. Mweleze hali ya mtoto." Baadaye muulize aliyetendewa kama angependa jambo hilo lipelekwe mbele. Usimwamulie.

Ukiambiwa umekosea: Usianze kueleza nia yako. Sema, "Samahani, sitarudia," kisha timiza.

Ukiwa msimamizi: Usimwambie mlalamishi azoee. Weka lugha moja ambayo wote wanaielewa wakati wa kupokezana zamu. Muulize kila mmoja, hata aliye na cheo cha chini kabisa, kama ana jambo la kuongeza.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi na lugha. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sheria ya Afya ya 2017 inamlinda mhudumu dhidi ya ubaguzi, inampa mgonjwa haki ya kulalamika kuhusu alivyotendewa, na pia inamtaka mgonjwa awaheshimu wahudumu.

Heshima haimnyimi mzazi haki ya kuuliza. Uliza dawa ni ya nini, dozi ni ngapi, na kama uzani wa mtoto umepimwa leo. Maswali hayo humlinda mtoto. Lakini kuuliza kuhusu dawa ni tofauti na kuuliza kabila la anayeitoa.

Mfanyakazi aanze kwa msimamizi wa wadi, kisha ofisi ya wafanyakazi. Mkazi aanze kwa dawati la malalamishi la hospitali. Jambo la ukabila likikosa ufumbuzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa inaweza kulipokea. Malalamishi kuhusu utendaji wa ofisi za umma hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Katika wadi ya watoto, mguu unaovimba si wa aliyedharau. Ni wa mtoto aliye kitandani.

Maswali ya kujadili nyumbani, kwenye chama au kazini

1. Mara ya mwisho ulipompeleka mtoto hospitalini, ulimwitaje aliyekuhudumia? Ulijua jina lake?

2. Yule muuguzi wa asubuhi angehitaji kusikia nini, na kutoka kwa nani, ili aulize kuhusu ile dozi bila kusita?