CHANJO SI YA WATOTO PEKEE

Mwaka huu nimewaletea somo dogo kuhusu chanjo, nalo lilianzia nyumbani kwetu huku Msambweni.

Babu yangu ni mvuvi. Siku moja akitengeneza ngalawa alikanyaga msumari. Alitaka kufunga kidonda kwa kitambaa aendelee na kazi, lakini nyanya alimkaripia, nami nikampeleka zahanati. Nesi alisafisha kidonda, kisha akauliza, "Mzee, ulidungwa lini sindano ya pepopunda?" Babu akacheka. "Mwanangu, mimi si mtoto mchanga wala si mja mzito!" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Nesi hakucheka.

Kwa nini hakucheka?

Wengi hudhani pepopunda huletwa na kutu. Sivyo. Viini vyake hukaa mchangani na katika samadi, vikaingia mwilini kwa kidonda, hata kidogo. Sumu yake hukaza misuli, taya zikafungana, na mgonjwa aweza kufa.

Sasa tupige hesabu. Mpango wa chanjo wa Kenya ulianza mwaka 1980. Sisi tulidungwa tukiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama zetu hudungwa kliniki wakiwa waja wazito. Je, babu aliyezaliwa kabla ya Uhuru? Mwaka 1980 alikuwa mtu mzima tayari, na mimba hatabeba! Kumbe wanaume wazee, hao hao wanaoshika jembe, panga na nyavu, ndio rahisi kusahauliwa.

Nani mwingine anahusika?

1. Wazee. Mtu akizeeka, kinga ya mwili hupungua. Ndiyo sababu chanjo ya korona ilipofika Kenya mwezi Machi 2021, watu wa miaka 58 na zaidi waliwekwa miongoni mwa wa kwanza, pamoja na wahudumu wa afya, walimu na polisi.

2. Wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au figo. Mafua makali na nimonia huwaumiza zaidi kuliko wengine. Chanjo zake zipo, lakini kwa mtu mzima mara nyingi ni za kununua. Wamwulize daktari.

3. Mahujaji. Wazee wetu wengi hudunduiza pesa miaka mingi ili waende Makka. Saudi Arabia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Atokaye Kenya huhitaji pia kadi ya homa ya manjano. Aliyepita miaka 60 azungumze na daktari kwanza kabla ya kudungwa hiyo ya manjano.

4. Wahudumu wa afya. Wao hushika damu na sindano kila siku, kwa hiyo wanahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B.

5. Aliyeumwa na mbwa, awe mkubwa au mdogo. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakuna tiba ya kutegemewa.

Dozi moja haitoshi

Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa pepopunda hurudi baada ya wiki 4, kisha miezi 6, halafu mwaka, na mwaka tena. Jumla dozi 5. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Wiki 4 zilipokwisha babu alisema, "Kidonda kimepona, nirudi kufanya nini?" Nikamweleza kwamba sindano ile si ya msumari uliopita, ni ya msumari ujao. Alinyamaza, kisha akavaa kofia yake. Alikubali kwa sharti moja tu, nisimwambie mtu. Babu, nisamehe!

Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ukifika nyumbani, muulize babu swali la nesi.

Maswali ya kujipima

(a) Viini vya pepopunda hukaa wapi?
(b) Kwa nini wanaume wazee husahauliwa?
(c) Nyumbani kwenu ni nani anayehitaji chanjo, na utamshawishi vipi?